Nyumba Iliyoamka Yenyewe

Kabla hajakaa mbele ya skrini, Kimie Odajima alikuwa akisoma mita kwa miguu. Kwa zaidi ya miaka ishirini alipanda na kushuka bonde la Kamizawa, katika mkoa wa Akita, wakati wa joto kwa pikipiki ndogo ya kampuni, wakati wa theluji kwa viatu virefu vya mpira, akiinama nyuma ya kila nyumba kunakili namba zilizokuwa ndani ya kioo. Kabla ya kuzunguka nyuma alikuwa na desturi ya kupaza sauti, "Umeme jamani!", ili wenye nyumba wasidhani ni dubu aliyeshuka kutoka msituni.

"Afadhali angekuwa dubu," Bibi Tane Kumagai alikuwa akimjibu kutoka jikoni. "Dubu hula mara moja akaenda zake. Wewe kila mwezi!"

Kisha hutoka na kikombe cha chai na vipande vya figili alizozikausha kwa moshi mwenyewe, ngumu, zenye chumvi, zinazolia mdomoni kama theluji inayokanyagwa. Kimie alizila akiwa amesimama, maana nyumba zilizobaki zilikuwa nyingi. Watu wa bondeni hawakumwita kwa jina lake. Walimwita Mita.

Baadaye mita zenyewe zikabadilishwa. Kampuni ya umeme ilileta nyingine zinazojisoma, ambazo kila nusu saa hutuma hewani kiasi cha umeme kilichotumika ndani ya nyumba, na kompyuta za kampuni zikakusanya yote mahali pamoja. Wasomaji mita waliagwa kwa chakula cha mchana, kila mmoja akapewa taulo lililofungwa vizuri. Kimie alibakizwa. Alipewa kiti katika ofisi ya data mjini, kwa sababu alilijua bonde lile, na kwa sababu wazee walimjua yeye.

Kazi yake mpya ilikuwa huduma ya kuangalia wazazi. Watoto waliohamia miji mikubwa walilipia kiasi kidogo kila mwezi, na mfumo ukajifunza jinsi nyumba ya mzee inavyoishi: huamka saa ngapi, hupika lini, hulala lini. Ikiwa mambo ni ya kawaida, mtoto hupata alama ya kijani kwenye simu yake kila asubuhi. Nyumba isipoamka mpaka saa tatu, alama hugeuka njano, ujumbe humrukia mtoto huko aliko, na Kimie hupiga simu nyumbani kwa mzee.

Nyumba ya Bibi Tane ilikuwa mojawapo. Alikuwa na miaka themanini na minne, mjane wa mkata mierezi, na alikuwa na mtoto mmoja tu, Yoshihiko, fundi wa lifti huko Saitama.

Mwaka ule nyumba yake iligeuka njano mara mbili. Mara ya kwanza alikuwa na mafua, akalala hadi mchana. Mara ya pili alitoka kabla hakujapambazuka kung'oa figili kabla ya jalidi, bila kuwasha hata taa. Mara zote mbili Yoshihiko aliacha kazi akapanda treni, akafika akiwa amekunja uso. Mara ya pili alimwambia mama yake mambo yaliyokuwa yamekwisha kupangwa. Chumba kimepatikana katika nyumba ya wazee karibu na kwake, ghorofa ya nne, dirisha linatazama maegesho ya magari. Alama ya njano ikija mara ya tatu, wataondoka pamoja, na nyumba itafungwa.

Siku chache baadaye Bibi Tane alipiga simu ofisini, akaomba kuongea na Mita.

"Huyo mtu wenu anayenichungulia, anatazama nini hasa?"

"Si mtu, Bibi. Ni mashine."

"Mashine ndiyo mbaya zaidi. Mtu husinzia. Haya, inatazama nini?"

Kimie alicheka, akamweleza kama ambavyo angemweleza mteja yeyote. Mashine haioni ndani. Haijui nani amewasha wala amewasha nini. Inatazama tu kama umeme umepanda asubuhi, ukapanda tena mchana, ukapanda tena jioni, kama nyumba ya mtu anayeishi.

"Kwa hiyo ukipanda, mimi ni mzima."

"Kwa mashine, ndiyo, wewe ni mzima."

"Basi nimeelewa," alisema Bibi Tane, akaanza kuulizia hali ya hewa huko mjini.

Kabla vuli, majira ya majani kupukutika, haijaisha, Kimie aliona mabadiliko. Kwenye skrini, siku ya kila nyumba ilichorwa kwa vijiti, kijiti kimoja kila nusu saa, kirefu au kifupi kadiri ya umeme uliotumika. Vijiti vya wazee vilikuwa kama meno yao, vingine vimepotea, vingine vimepinda. Vya Bibi Tane vilinyooka. Saa kumi na moja na nusu alfajiri kijiti kirefu, saa sita kimoja, saa kumi na mbili jioni viwili, jana kama juzi, Jumapili kama Jumatano. Watu hawaishi hivyo. Kimie hakumwambia mtu. Siku yake ya mapumziko iliyofuata aliwasha gari akaenda Kamizawa.

Bibi Tane alikuwa jikoni akikata figili.

"Umeme jamani," alisema Kimie mlangoni.

"Dubu wangu! Nilidhani wamekufungia kwenye kioo. Ingia, vua viatu, usiniletee tope."

Kimie alikaa, akapewa chai.

"Bibi, nyumba yako inaamka kabla wewe hujaamka."

"Nani kasema?"

"Vijiti vyangu."

"Vijiti vyako vina mdomo mrefu." Aliendelea kukata, kisha akaweka kisu chini. "Njoo uone, maana najua hutaondoka."

Zilikuwa saa tatu nyeupe za kuchomeka kwenye soketi, duara, zenye vipini vidogo kuzunguka ukingo. Ukibonyeza kipini, umeme hupita wakati huo, ukikiinua haupiti. Moja iliwasha hita iliyokuwa chini ya meza ya kulia, ya pili chungu cha maji ya moto jikoni, ya tatu redio na taa ya sebuleni.

"Duka la vifaa, pale njia panda," alisema Bibi Tane, na kweli alijivunia. "Muuzaji aliuliza kama nafuga kuku. Nikamwambia ndiyo, kuku mmoja mzee."

"Na ukianguka?"

"Nikianguka nitainuka. Nisipoinuka, si nitakuwa nimeanguka kwangu?"

"Si mzaha huo, Bibi."

"Nani anafanya mzaha? Wewe ulimpeleka mama mkwe wako kwenye nyumba ya wazee mjini. Alikaa huko muda gani?"

Kimie alitazama kikombe chake. Mama mkwe wake hakumaliza mwaka. Kila alipokwenda kumwona, alimkuta amevaa koti na mkoba uko magotini, akiuliza kama gari limeshakuja.

"Yoshihiko anaona kijani chake, anakunywa kahawa, anaenda kupanda kwenye malifti yake," aliendelea Bibi Tane. "Simsumbui. Zile mara mbili alizokuja, nilitamani ardhi inimeze. Mtu mzima anaacha kazi kwa sababu mimi nimelala!" Kumsumbua mtu, kwa watu wa kizazi chake, lilikuwa jambo la kuombea radhi hata ukiwa unakufa. "Na baba yake yumo humu." Alielekeza kidevu kwenye kabati jeusi la marehemu, ambamo mlikuwa na picha ya mumewe na bakuli dogo la wali wa asubuhi ile. "Huko ghorofa ya nne hawaruhusu ubani. Nimeuliza. Usimwambie, Mita."

Kimie alimaliza chai yake kwanza.

"Sitamwambia."

Alipokuwa akivaa viatu kwenye baraza la ndani, mlangoni, aliona kigoda kimewekwa chini ya swichi kuu ya nyumba, iliyokuwa juu ukutani. Akauliza cha nini.

"Inaruka. Chungu na hita vikikutana na oveni, giza totoro. Nilichukua umeme mdogo, wa bei nafuu, baba Yoshihiko alipofariki."

"Omba wakuongezee. Ni simu moja tu."

"Wakija watazunguka humu ndani na kuona saa zangu. Kigoda kinatosha. Chukua figili hizi, na unisalimie vijiti vyako."

Theluji ilianza mapema mwaka ule, ikaja nzito. Jumapili moja jioni mierezi miwili ilielemewa, ikaangukia waya juu ya bonde, na Kamizawa nzima ikawa gizani. Mafundi walirudisha umeme baada ya muda wa saa tatu kasoro. Kimie alizipata habari hizo Jumatatu alipofika kazini. Mkuu wa ofisi, Nagahama, ambaye alikuwa mdogo kwake kwa miaka mingi na mwenye adabu, alipita meza kwa meza akikumbusha kwamba baada ya umeme kukatika mfumo hautoi alama ya njano siku nzima, ili familia zisitishwe bure.

Kimie alifungua vijiti vya bonde. Nyumba nyingi zilikuwa zimeamka kama kawaida. Ya Bibi Tane iliamka pia, ila kwa kuchelewa. Kijiti cha alfajiri kilikuwa kimesogea hadi saa mbili na kitu. Cha mchana, kilipokuja, kilisogea vivyo hivyo.

Alielewa papo hapo. Saa zile hazina betri. Umeme ukikatika husimama, ukirudi huendelea pale ziliposimama, na zitachelewa hivyo siku zote mpaka mtu azizungushe kwa mkono. Bibi Tane alikuwa hajazizungusha.

Na Bibi Tane alikuwa mtu wa kupanga viatu vya wageni kwa mstari.

Alipiga simu. Haikupokelewa, ila hilo halikumshangaza. Polisi walikuwa wamewafundisha wazee wa bonde lile wasipokee simu mchana, kwa sababu ya matapeli wanaojifanya watoto wao waliopata ajali. Waiache mashine ijibu, wasikilize ni nani. Kimie akaongea na mashine, kwa sauti ya chini ili Nagahama asisikie. Kisha akakaa akitazama kitufe cha kuripoti kwa mkono. Angekibonyeza, njano ingewaka na Yoshihiko angeipata. Ingekuwa ya tatu. Chumba cha ghorofa ya nne kilikuwa kinangoja.

Labda ana mafua tena, aliwaza. Labda hajaona. Kesho atazizungusha.

Jumanne vijiti vilikuwa palepale vilipokuwa Jumatatu. Saa mbili na kitu iko kabla ya saa tatu, kwa hiyo mfumo, uliokuwa umeshaanza kutoa alama za njano tena, uliona nyumba imeamka na kumpelekea Yoshihiko kijani. Kimie alijiambia kwamba angepita jioni akitoka kazini. Jioni theluji ilikuwa inadondoka kwa mapande, redio ikawaonya watu wasiingie mabondeni. Akaenda kwake, akapika supu, akainywa nusu.

Jumatano hakwenda kazini. Alifuata gari la kuondoa theluji hadi Kamizawa, akaliacha gari lake barabarani. Kutoka barabarani hadi mlangoni kwa Bibi Tane theluji ilikuwa laini, haina alama hata ya paka. Alipasua njia kwa magoti. Akiwa bado nje alisikia sauti ya mwanamume ndani, akasimama, moyo ukamruka kwa furaha: kuna mgeni. Kisha mwanamume yule akataja bei ya samaki katika soko la Akita, na Kimie akajua ni redio.

"Umeme jamani," alisema hata hivyo.

Bibi Tane alikuwa barazani, ubavu kwenye mbao, kigoda kimeanguka karibu na miguu yake. Alikuwa na tochi mkononi, imekwisha betri. Kofia ya sufi alikuwa ameivua na kuiweka chini ya shavu. Juu yake swichi kuu ilikuwa imesimama vizuri, haikuwa imeruka hata kidogo.

Bibi Tane alidhani ni swichi yake iliyoruka. Bonde zima lilikuwa gizani, naye alidhani ni chungu na hita yake vimekutana tena, akapanda kwenda kuiinua swichi ambayo haikuwa imeshuka.

Daktari alisema amevunjika nyonga. Jiko lake la mafuta lilikuwa limejizima lenyewe kama linavyofanya siku zote lisipoguswa, na kwenye mbao zile baridi ilikuwa sawa na ya nje. Hakufa usiku ule wa Jumapili. Kwa jinsi daktari alivyoona, alifika Jumatatu jioni akiwa hai, pengine hadi Jumanne kabla ya mapambazuko.

Yoshihiko alifika siku iliyofuata. Alimkuta mama yake ameshalazwa kwenye mkeka mbele ya kabati la marehemu, kitambaa cheupe usoni, na Kimie ameketi pembeni akilinda ubani usizimike. Waliinamiana. Baada ya muda aliinuka, akaenda kwenye simu iliyokuwa ikimetameta taa nyekundu, akabonyeza.

"Bibi, ni mimi, Mita," ilisema simu. "Umeme ulikatika jana, saa zako zimechelewa. Zizungushe kabla wenzangu hawajaona. Nitapita wiki hii. Usinimalizie figili."

Kisha ikalia mlio mmoja, ikanyamaza.

Yoshihiko alibaki amempa mgongo.

"Saa gani?"

Kimie alimwonyesha, moja baada ya nyingine. Yoshihiko alichuchumaa mbele ya ile ya chini ya meza, akakishika kipini kwa kucha, bila kukibonyeza.

"Ulijua, dada."

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu vuli. Aliniomba nisikwambie."

"Jumatatu asubuhi nilipata kijani," alisema Yoshihiko. "Nikamwambia mke wangu, unaona, mama kaishinda dhoruba. Jumanne nikapata kijani. Nilikuwa nimesimama kwenye treni, nikatabasamu peke yangu kama mjinga." Alikohoa. "Ungenipigia hiyo Jumatatu."

"Ungemchukua."

"Ndiyo, ningemchukua. Angenichukia. Angekaa pale dirishani ananuna, anachukia chakula, anachukia mke wangu. Kila Jumapili ningekwenda kuchukiwa." Sauti yake haikupanda. "Ningekwenda, dada Kimie. Kila Jumapili."

Kimie aliweka paji la uso kwenye mkeka na kubaki hivyo.

Hapo ndipo saa iliyokuwa kwenye soketi ilipolia "tak", na taa ya sebuleni ikawaka, na redio ikaanza kusema kwamba theluji itaendelea. Wote wawili walishtuka. Kimie alinyoosha mkono kwenye soketi.

"Acha," alisema Yoshihiko.

"Nizime tu."

"Acha. Mpaka siku ya arobaini na tisa bado yumo humu ndani, si ndivyo alivyokuwa akisema mwenyewe? Basi apate mwanga. Nitaendelea kulipia huduma yenu."

Ofisini Nagahama aliandika kwamba mfumo ulifanya kazi kama ulivyotengenezwa. Kimie alipomwendea na kumwambia alichokuwa akikijua, alifunga mlango, akamtazama muda mrefu kwa huruma.

"Sijakusikia, mama," alisema. "Rudi ukakae."

Akarudi akakaa. Kila asubuhi, saa mbili na kitu, kijiti cha nyumba ya Bibi Tane kiliinuka, na alama ya kijani ikaenda Saitama. Katikati ya majira yale wataalamu wa makao makuu waliongeza kanuni mpya, ya kutafuta nyumba zilizonyooka kupita kiasi. Nyumba ya kwanza iliyokamatwa bondeni ilikuwa hiyo. Dirisha dogo likafunguka kwenye skrini likimuuliza Kimie kama anamfahamu mteja. Alibonyeza ndiyo. Nyumba nyingine mbili zilikamatwa siku hiyohiyo, za wanawake wawili waliokuwa wakinywa chai kwa Bibi Tane. Kimie alizitazama hadi mchana. Kisha akazipigia familia zao, na kabla theluji haijayeyuka wanawake wote wawili walikuwa wameshaondoka bondeni, mmoja wao amevaa koti, mkoba uko magotini.

Siku ya arobaini na tisa Yoshihiko alikuja na mtawa kwa ajili ya sala, akalala pale peke yake. Kesho yake Kimie alifika kazini mapema kuliko kawaida. Saa mbili na kitu ikapita, kijiti hakikuinuka. Aliendelea kutazama, mikono imelala mapajani. Ilipofika saa tatu alama iligeuka njano, ujumbe ukaenda, na kwenye skrini ikatokea amri aliyokuwa akiitii kila siku: piga simu nyumbani kwa mteja.

Akapiga. Iliita mara nyingi. Mwisho mtu akainua, na Kimie akasikia jinsi nyumba ilivyokuwa kimya nyuma yake, redio imezimwa.

"Kampuni ya umeme hapa," alisema. "Alama ya njano imewaka."

"Nimeiona," alisema Yoshihiko. "Ya tatu."